Tulivyohesabu Wadudu wa Bahari Githongo

Bahari sijaiona mpaka leo. Lakini wakazi wake nawajua, tena kwa hesabu, maana niliwatoa mmoja mmoja kwenye majani yao na kuwapanga kwenye sahani nyeupe, binti yangu akiwa amelala mgongoni, huku Githongo, mahali ambapo maji makubwa zaidi ni mto unaouvuka kwa kuruka mawe manne. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipokuwa ikipigana na wapiganaji wa msituni. Nikiikumbuka siku ile hucheka mpaka nishike ukuta, ingawa asubuhi yake nilikuwa nimeamka na hasira za kutosha kuivisha githeri bila kuni.

Nieleze hasira kwanza niimalize. Mume wangu askari walikuwa wamemchukua, na hakuna aliyetuambia amepelekwa wapi. Sisi wengine tukatolewa mashambani kwetu tukasongamanishwa katika kijiji kimoja chenye geti moja, kikazungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha. Handaki lenyewe tulilichimba sisi wanawake. Kila asubuhi firimbi ililia, na kila mwenye mikono miwili alishuka shimoni, awe mzee, awe mjamzito, awe mama wa juzi. Mtoto wangu alikuwa na miezi minane. Nilimlaza juu ya ukingo, nimemfunika shuka, manyunyu ya mwezi wa saba yakimwangukia. Alianza kukohoa. Siku moja ukingo ukakatika, na bonge la udongo ukubwa wa chungu likatua shubiri moja kutoka kichwani pake.

Nilimwendea hedimani wa kijiji na udongo ule mkononi. Nikamwambia mtoto huyu harudi pale. Hedimani alikuwa mtu wa daftari. Alikuwa na daftari moja jeusi alilolifunga kwa mpira wa baiskeli, na hakukubali kitu kimetokea mpaka kiwe humo. Akanijibu bila hasira yoyote, jambo lililoniudhi zaidi, kwamba mwenye pasi ya kazi hutoka getini, na asiye na pasi huchimba. Basi nikaanza kutafuta pasi.

Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha pili kwa masista. Nilijua kuchora moyo wa chura na kutaja vyumba vyake. Mpaka hapo moyo wa chura haukuwa umenisaidia kitu.

Sasa, kwenye nyumba ya serikali karibu na kiwanda cha kumenyea kahawa aliishi bwana kahawa, afisa Mzungu wa kilimo cha kahawa, na mkewe, ambaye sisi tulimwita Memsabu kama walivyoitwa wote. Kabla ya vita kumleta mumewe kwetu, Memsabu alikuwa Mombasa, na kazi yake ilikuwa kuchunguza wanyama wadogo wanaokaa ndani ya mwani, yaani yale majani ya baharini. Alihamishwa akaja na darubini yake, chupa zake, nyavu zake, kila kitu isipokuwa bahari. Alitafuta mtu anayejua kuandika namba na asiyeogopa wadudu. Nikaenda. Akaniuliza kama wadudu wananikirihi. Nikamjibu kwamba nachimba handaki peku nikiwa nimelengwa bunduki, kwa hiyo mdudu kwangu ni mapumziko. Alicheka sana. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Alinipa pasi ya wiki mbili. Akaniambia wazi, na kwa hilo nilimheshimu, kwamba kuna gunia moja la mwani linakuja kutoka pwani. Tukipata hesabu safi kutoka humo, ataendelea na kazi yake na ataniandikia pasi ya mwaka mzima. Tusipopata, kazi itakufa na mimi nitarudi shimoni. Nilimweka mtoto vizuri mgongoni nikasema tuanze.

Wiki ya kwanza alinifundishia mtoni, kwenye magugu ya maji, maana mdudu wa mto na mdudu wa bahari wana tabia moja: ukigusa nyumba yake anakimbia. Kwa hiyo hukati jani kwanza. Unalivika kwanza mfuko wa kitambaa, polepole, kama unavyomvisha mtoto aliyelala, unaubana chini kwenye shina, halafu ndipo unakata. Aliyekuwa ndani anabaki ndani. Unapeleka mfuko nchi kavu, unasuuza majani kwenye karai, unayapima uzito, unachuja yale maji kwa kitambaa, na kilichobaki unakipindulia kwenye sahani nyeupe. Halafu unahesabu, kila ukoo kwa safu yake. Mwishoni unasema, katika ratili moja ya majani haya wanaishi wangapi.

Mfuko wangu wa kwanza nilioupindua mwenyewe ulinipa kizunguzungu. Konzi moja ya gugu, na ndani yake mlikuwa na kijiji. Wengine walitembea kinyumenyume, wengine walijenga vibanda vya mchanga wakavivaa, mmoja alikuwa na mikia mitatu na hakuna hata mmoja aliyemwomba pasi. Nilijisikia nimelewa. Nilirudi nyumbani nikimsimulia mama mkwe wangu huku nikiruka madimbwi, naye akaniuliza kama Memsabu alikuwa amenipa kitu cha kunywa.

Mama mkwe wangu nimweleze. Ni mwanamke mfupi, mwenye kauli, na katika kijiji kizima hakuna aliyethubutu kuosha mboga mbele yake bila kukosolewa. Kwake managu yenye mdudu hata mmoja ni aibu ya ukoo. Huyaloweka, huyakoroga kwa mkono mzima, husubiri, huyanyanyua juu na kuyakung'uta, na maji huyamwaga nyuma ya nyumba bila kuyatazama.

Swali la Memsabu lilikuwa hili. Mwani unaotoka kwenye maji ya chumvi, ukiutia kwenye maji matamu, je, wadudu wote watashtuka waachie majani? Au ni lazima kuwachokoa kwa mkono, jani kwa jani, siku nzima? Mpango ulikuwa nusu ya gunia tuichokoe kwa mkono, nusu tuitie maji, halafu tulinganishe. Alinichorea jedwali lenye pande mbili. Nililala nikiliota.

Siku ya gunia mvua ilinyesha tangu alfajiri. Memsabu na mimi tulikaa kiwandani, makarai yamepangwa, mizani ya kahawa imefutwa, mtoto amelala juu ya rundo la magunia makavu. Lori halikuja. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Meru mjini, ambaye alikuwa akienda kupokea mizigo ya gari moshi, na halikuwa limewahi kuchelewa. Saa sita ikapita. Ndipo akaja karani wa kiwanda akasema lori lilikwama kwenye mlima wa udongo mwekundu, likageuza, na dereva aliacha mzigo wa Memsabu getini kijijini. Alimkabidhi mama mkwe wangu, kwa kuwa yeye ni mtu wa nyumba yangu.

Sikungoja koti. Nilimfunga mtoto nikakimbia.

Kilichotokea kabla sijafika nilisimuliwa baadaye na watu saba kwa wakati mmoja, kwa hiyo nitakiweka sawa. Wanawake walikuwa wametoka shimoni kwa mapumziko ya mchana. Mama mkwe akafungua gunia. Ndani akakuta vifuko vya kitambaa vimefungwa kwa kamba, na ndani ya vifuko majani, mengine ya kahawia yanayoteleza, mengine ya kijani kibichi, laini kama kabichi changa. Akaonja. Yana chumvi. Akasema Wazungu ni watu wa ajabu, mboga zao zinatiwa chumvi zikiwa bado shambani. Kisha akaona mdudu. Halafu wa pili. Na hapo akaniogopea mimi. Eti mkwe wake anapelekewa mboga za tajiri wake zikiwa na wadudu namna hii, si atafukuzwa leo leo? Akaazima makarai matatu, akachota maji ya mto pipani, akamimina mboga zote, kila kifuko, akaloweka.

Kwa moyo mzuri kabisa aliosha jedwali langu lote, pande zote mbili.

Maji yalitulia kidogo, halafu yakachemka. Wadudu wa bahari walipoonja maji ya Githongo waliachia majani wote kwa pamoja. Wakaruka, wakapiga mbizi, wakazunguka. Kaa wadogo kama punje za mahindi walipanda ukingo wa karai wakaanguka nje. Wanawake walirudi nyuma, wakasogea tena, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini matopeni. Mama mkwe hakucheka. Aliyakoroga, akayanyanyua, akayakung'uta vizuri, akayatandaza juu ya gunia. Alikuwa ameshika karai la kwanza ili amwage maji nyuma ya nyumba, hedimani akatokea na homgadi wawili, wale walinzi wa kijiji wenye bunduki.

Fikiria alichoona. Wanawake wengi kuliko wanaoruhusiwa kukusanyika. Majani yasiyojulikana. Maji yenye vitu hai vyenye miguu isiyohesabika. Na mwanamke mmoja mzee akilamba kidole. Siku zile watu walikuwa wakifungwa kwa kosa la kula kiapo cha wapiganaji wa msituni, kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Nilipoingia getini nikitweta, hedimani alikuwa ameshaamua, na homgadi mmoja alikuwa ameinama kuinua karai.

"Yamwage kwenye handaki," hedimani alisema. "Na huyu mama atakuja na mimi."

Nilitazama makarai. Mle ndani mlikuwa na mwaka mzima wa binti yangu kulala pakavu, na mtu mwenye buti alikuwa anaunyanyua. Mama mkwe alinitazama akasema polepole kwamba alikuwa ananisafishia tu mboga. Sikuweza hata kumkasirikia, na mimi siku hizo nilikasirikia kila kitu.

Nikamwambia hedimani, "Ukimwaga, utaandika nini?"

Nilijua pa kumshika. Mwezi uliotangulia alikuwa amekaripiwa mbele yetu sote na bwana D.O., Mzungu mkubwa wake, kwa kuandika kwamba amekamata mapanga matano, akapeleka manne. Tangu hapo hata akikamata kuku wa mtu aliandika rangi ya manyoya.

Nikaendelea. Umekamata vitu, si ndiyo? Vitu vikikamatwa vinaandikwa. D.O. atakuuliza walikuwa wadudu wa aina gani, wangapi wa kila aina. Utamwambia ulivimwaga? Tena mali hii ni ya mke wa bwana kahawa, yuko njiani anakuja. Na yeye pia atauliza wangapi.

Akamwambia homgadi aweke karai chini. Akaomba kigoda, akafungua mpira wa baiskeli, akalamba penseli.

"Haya," akasema. "Hesabuni."

Na ndivyo serikali ilivyotusaidia kuhesabu wanyama wadogo wa mwani.

Sikuwa na kitambaa cha kuchujia, kwa hiyo nilitoa nepi safi kutoka kwenye kifurushi cha mtoto, kitambaa kizuri cha marekani kilichofuliwa mara mia. Mama mkwe akashika pembe mbili, mimi mbili, homgadi akamimina. Maji yakapita, bahari ikabaki. Tulipindua kwenye sahani za bati nyeupe, kila mwanamke na sahani yake. Kwa vibanio tulitumia manyoya ya kuku na ncha za majani makavu. Wengi walikuwa wameshazimia kwa maji matamu, kwa hiyo walitulia kama punje.

Niliita koo na hedimani akaandika. Wanaoruka, wenye mgongo uliopinda. Kaa. Konokono. Minyoo yenye nywele. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya mahakamani. Lakini ni vigumu kuwa wa mahakamani mtu anapokuletea unyoya wenye kaa mdogo kuliko ukucha wa mtoto, huku kaa huyo bado anatishia kwa magando yake. Homgadi wa kwanza aliegemeza bunduki kwenye ghala akajipa sahani. Wa pili alimwambia mwenzake huyo uliyemweka kwa minyoo si mnyoo, ana miguu, wewe huoni? Wakabishana. Wakamwita mama mkwe aamue, naye akaamua kama aliyezaliwa ufukweni.

Kisha akatokea mnyama mwenye mikono mitano na hana kichwa. Tukapata wanane wa hao. Hedimani akaandika, akasimamisha penseli hewani, akaniuliza kwa umakini mkubwa, "Niandike wanane, au mikono arobaini?"

Hapo mwanamke mmoja aliyekuwa hajacheka tangu mwanawe auawe alianguka juu ya bega langu akacheka bila sauti, mwili wote unatetemeka, na mimi nikamfuata, na hata homgadi. Mtoto mgongoni akaanza kucheka kwa sababu mgongo ulikuwa unaruka. Hedimani alitutazama kila mmoja. Akaandika wanane. Akatabasamu kwa daftari lake, si kwetu.

Makarai yalipokwisha alitaka kufunga. Nikamwambia bado majani. Majani pia, akauliza. Nikasema majani ndiyo ushahidi mkubwa zaidi, ukiwaacha wenzao humo hesabu yako ni pungufu. Neno pungufu lilimrudisha kigodani.

Basi tukachokoa jani kwa jani, sote, mikono kumi na zaidi. Na karibu hatukukuta kitu. Konokono wachache waliojibana kwenye mashina. Minyoo fulani iliyojenga vibomba vigumu ikakaa ndani kama watu waliokataa kuhama. Basi. Wengine wote walikuwa wametoka kwa maji.

Nilikuwa nimeshika jani tupu la kijani ninalipindua juani, maana mvua ilikuwa imekatika, na ghafla nikaelewa ninachokiona. Jedwali la pande mbili halikuhitajika. Jibu la Memsabu lilikuwa mikononi mwetu, na tulikuwa tumelipata kwa kukosea.

Memsabu alifika akiwa na matope mpaka magotini. Alisimama, akatazama makarai, majani yaliyotandazwa, homgadi mwenye unyoya. Uso wake ulisawijika. Akaniambia kwa upole kwamba mwani wote umekwisha kuoshwa, hakuna nusu ya kulinganisha, na kwamba anasikitika, haikuwa kosa langu. Upole ule ulinipandisha damu kuliko kelele.

"Ulitaka kujua maji yanawatoa wangapi," nikamwambia. "Waliotoka ni hawa, wameandikwa. Waliokataa kutoka ni hawa, nao wameandikwa. Ni kipi kingine unachotaka kulinganisha?"

Nikamsukumia sahani mbili, moja imejaa, nyingine ina konokono na vibomba. Akachutama matopeni na sketi yake. Akapekua majani mwenyewe kwa kioo chake cha kukuzia, akitafuta tuliyemwacha, akapata konokono mmoja. Akauliza ni nani aliyeandika hesabu. Hedimani akasimama wima akampa daftari kama anayekabidhi bendera.

Kisha akataka kujua majani yalilowekwa dakika ngapi. Nikamfasiria mama mkwe.

"Mwambie nililoweka mpaka wadudu wachoke."

Memsabu akauliza huo ni muda gani. Mama mkwe akasema ni kama kumenya ndizi za sufuria moja, lakini anayemenya asiwe mvivu. Wakamletea ndizi. Nakuapia, tulimpima kwa saa ya mkononi ya Memsabu, kijiji kizima kimezunguka, mama mkwe anamenya kwa fahari na hedimani anaandika. Wakati wa firimbi ya kurudi kazini ulikuwa umepita kwa saa nzima na aliyepaswa kuipuliza ndiye huyo aliyekuwa anaandika.

Pasi yangu ya mwaka Memsabu aliiandika palepale, akiegemeza karatasi juu ya tako la karai. Ilihitaji muhuri wa hedimani. Hedimani akaisoma akanirudishia. Akasema nyumba yetu bado ina kesi ya kiapo, hawezi kugonga muhuri.

Nilimwambia afungue ukurasa alioandika yeye mwenyewe. Asome kwa sauti. Akasoma, kaa, konokono, minyoo, wanaoruka, wenye mikono mitano. Nikamwuliza kama katika orodha hiyo kuna kiapo hata kimoja, na kama anataka D.O. aone kwamba hajui tofauti ya kiapo na konokono. Homgadi wa kwanza akakohoa akasema, "Afande, ni konokono kweli. Mimi mwenyewe nilimshika."

Muhuri ulitoka mfukoni. Aligonga kwa nguvu mpaka karai likalia, kisha akapuliza firimbi, na wote wakashuka shimoni, mama mkwe pamoja nao, mikono ya gauni yake bado imelowa chumvi.

Nilibaki juu na pasi yangu na mtoto wangu. Nilipaswa kuruka kwa furaha, na nilikuwa naruka, miguu yenyewe ilikataa kutulia. Lakini niliona kichwa cha mama mkwe kikizama chini ya ukingo na ile hasira yangu nzuri ikarudi, nikaona itanifaa.

Kesho yake mtoto alilala juu ya magunia makavu kiwandani mpaka saa nne bila kukohoa. Nilimngoja Memsabu aingie. Kabla hajavua koti nilimwambia gunia lijalo haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Anayehesabu hawezi pia kuosha, atakosea. Akasema hana ruhusa ya pasi ya pili. Nikamwambia basi gunia lijalo aoshe yeye, na nikamwonyesha ndizi za kumenya ili apimie muda. Alinitazama, akaketi, akavuta karatasi, akaniuliza jina la mama mkwe wangu linaandikwaje.